Kilio cha Mwaija Kisiwani

Mzungu akitaka raha, huitafuta palepale watu wengine walipokimbilia kuokoa roho zao. Bwana mmoja Mdachi, mwenye shamba la mkonge karibu na Mnyuzi, alikichagua kisiwa cha mto Ruvu, ndio Pangani, hapo Korogwe. Zamani wazee walijenga humo kwa hofu ya wavamizi. Sasa yalibaki mahame tu, kimya na kivuli. Mitumbwi ilivusha hema, viti vya kulalia, beseni la kuogea, mvinyo, na bibi mwenyewe, mke wa bwana. Mwaija, mwanamke wa Kizigua, naye akavushwa, akawapikie.

Angekataa vipi? Na mumewe, Mhina, aliyetoroka shamba la bwana huyohuyo, alikuwa kwenye kichaka cha ncha ya kisiwa. Mwaija ndiye aliyemficha huko. Akikamatwa ni mnyororo na viboko, na mtoro wa kabla yake viboko hivyo vilimuua.

Adhuhuri bwana aliinuka kitini, akakitazama kichaka.

"Kule kuna nini?"

Mwaija alijibu upesi, jibu ambalo lingemrudisha Mzigua yeyote mbio. "Makaburi ya wakubwa wetu, bwana. Hapaingiliwi."

Masikini! Hakujua kwamba Mdachi yule alikuwa akikusanya mafuvu na vyungu vya matambiko ampelekee nani sijui huko Ulaya. Macho yalimng'aa. Akamwita askari wake, "Athuman! Lete jembe!"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwaija akapiga magoti, mikono kichwani, akaangua kilio cha msiba kwa Kizigua, kwa sauti ya kufika ng'ambo: "Ee baba, wanakuja na jembe! Ee baba, ingia majini, usingoje!"

Bwana akasimama, akavua kofia kwa heshima. Bibi akasogea, bilauri mkononi, asikilize vizuri.

"Anasema nini?" bwana aliuliza.

Athuman alikuwa Mzigua wa Handeni. Hakuna neno lililompita. Alimtazama Mwaija mpaka Mwaija akajiona amekwisha.

"Anawalilia wazee wake, bwana."

Nyuma ya kichaka maji yakalia chubwi.

"Na hicho?"

"Mamba, bwana. Wamejaa hapa."

Hapo Athuman hakusema uongo; mamba walikuwepo kweli. Mwaija alitega sikio asikie mtu akiogelea, akikohoa, akikanyaga matete ya ng'ambo. Hakusikia kitu.

"Wimbo mzuri sana," alisema bwana. "Mwambie aimbe tena."

Mwaija akalia tena. Mara hii hakuwa akimwonya mtu.