Soya Mbichi

Mwanawe alipoachana na mkewe, alimwambia mama yake neno moja tu: "Mama, mimi nimeachana naye. Na wewe achana naye." Mama akakubali, maana mwana ni wa kwake na mkwe ni wa watu. Alikubali kwa mdomo.

Majirani walimwita Mama Mizani, kwa kuwa hakuamini kopo wala debe. Kitu hakikuwa kitu mpaka akipime. Nyuma ya nyumba alikuwa na nguruwe tisa, na kando ya banda lao kibanda cha bati chenye mashine ya kusagia chakula chao. Miaka sita walisaga humo wawili, yeye na mkwe wake. Mmoja akimimina mahindi juu, mwingine akishika mdomo wa gunia chini, wakipiga kelele kuishinda mashine, wakitoka weupe kwa vumbi hadi kwenye kope. "Mama, leo umezeeka mara mbili!" mkwe alikuwa akimwambia, na wote wawili wakicheka mpaka wapaliwe.

Sasa alisaga peke yake, gunia kalifunga kwa kamba. Vipimo alivijua kama jina lake: mahindi kiasi hiki, pumba kiasi hiki, mashudu ya alizeti, soya, chokaa, chumvi. Lakini nguruwe walikula wakamaliza, wakalamba na kihori, na hawakukua. Migongo ilichongoka. Daktari wa mifugo akaja, akawapa dawa ya minyoo, akaenda zake. Wiki tatu zikapita, hali ni ile ile.

"Wauze, Mama, upumzike," mwanawe alisema kwa simu kutoka mjini.

Apumzike na nani?

Asubuhi moja alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akatafuta namba ambayo hakuwahi kuifuta. Aliihifadhi kwa jina la "Fundi Mashine", mwanawe asije akauliza maswali. Miezi minane alikuwa akiitazama tu.

"Mama?" Sauti ilikuwa ile ile.

Maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia. "Nguruwe hawakui," alisema.

"Shikamoo kwanza, Mama."

"Marahaba. Nguruwe hawakui."

Upande wa pili kicheko kidogo kikavuja. "Nitakuja Jumamosi."

Jumamosi mkwe hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akasimama uani kama mgeni asiyejua aketi wapi, mpaka mama alipomrudishia aproni yake ya zamani. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Alikagua mahindi, akanusa mashudu, kisha akachota soya zilizokwisha kukaangwa, akatia punje moja mdomoni. Akatema.

"Mama, nani alizionja hizi?"

"Nizionje kwa meno gani? Yaliyobaki yanaogopa hata mkate."

"Nje zimebadilika rangi, ndani mbichi. Soya mbichi inamzuia nguruwe asifaidi chakula. Hata ale gunia zima, ni kazi bure."

Wakawasha moto, wakazikaanga upya polepole, mkwe akigeuza kwa mwiko mrefu na kung'ata punje kila baada ya muda. Zilipopoa wakaingia kibandani. Mashine ikanguruma, na kwa saa nzima Mama Mizani hakuwa na shida yoyote duniani.

Walipokuwa wakinawa, mkwe alisema huku akitazama maji, "Mama, nataka uyasikie kwangu. Mwezi ujao naolewa. Ni seremala. Mtu mpole."

Mama alijifuta uso kwa khanga, akakawia humo. "Ana mama?"

"Anaye."

Hilo ndilo lililomchoma, kuliko huyo seremala. "Wanafuga?"

"Kuku tu."

"Basi kuku wale wameokota dodo," alisema, akamshika mikono yote miwili. "Nenda, mwanangu. Ukae kwa amani. Na kama huyo mama ana meno, kazi ya kuonja usiibebe yote wewe."

Mkwe alicheka, kisha akalia, kisha akaangalia saa. Basi lake lilikuwa linaondoka.

Soya za mara iliyofuata, mama alizivunja kwa jiwe na kutazama ndani kabla ya kusaga. Nguruwe wakaanza kujaa. Jike kubwa likazaa watoto kumi na mmoja, wote wazima, na Mama Mizani akatoka bandani mbio, simu tayari mkononi.

Akasimama uani. Harusi ilikuwa imepita siku nne tu. Nyumba changa haifai kupigiwa simu na mama wa mume wa zamani.

Akaenda mpaka kwenye ua, akamwita jirani. "Kumi na mmoja!" alimwambia.

"Hongera," jirani alisema, akaendelea kuanika nguo zake.