Nilichokiona Nyuma ya Kioo

Kazi yangu ilikuwa kusema. Kwa miaka ishirini na miwili nilitangaza mechi za hoki ya barafuni, kwanza redioni hapa Buffalo, halafu kwenye kituo cha televisheni ya kebo kilichoonyesha ligi nchi nzima. Watu walikuwa wakinisimamisha dukani, nimeshika kabichi mkononi, wananitaka niseme "Barafu inawakaaa!" kama nilivyozoea kusema timu yetu ikifunga. Nami nilisema. Mke wangu, Bernadette, alikimbilia kwenye rafu za sabuni akajifanya hanijui.

Msimu ule barafu haikuwaka. Mwezi wa Septemba wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji milango, wakaapa kutoifungua mpaka wachezaji wakubali mishahara ya kila timu iwekewe kikomo. Chama cha wachezaji kikajibu kwamba neno kikomo lisitajwe mbele yao. Oktoba ikapita, Krismasi ikapita. Ule ukumbi wetu mkubwa pale mjini ukakodishwa kwa maonyesho ya malori. Kituo changu nacho, kwa kukosa cha kuonyesha jioni, kikaanza kuonyesha watu waliovaa miwani myeusi wakicheza kamari ya karata. Wamekaa tu, hawasemi, mmoja anajikuna sikio.

Mimi nilikuwa na mkataba mpaka Juni, kwa hiyo sikulala njaa. Lakini kila siku niliamka asubuhi, nikanyoa ndevu, nikafunga tai, halafu nikakumbuka kwamba sina pa kwenda.

Mwishoni mwa Januari akanipigia simu Paula Denning, mkuu wa vipindi wa kituo. Paula alikuwa mama wa maneno machache, na tulipatana.

"Norb, kesho niko huko kwenu," akasema. "Tumekodi watafiti. Wamekusanya watazamaji kumi na wawili, watawaonyesha vipande vya vipindi vyetu. Njoo ukae na mimi usikie watu wanasemaje."

"Watasema wanataka hoki yao," nikamwambia. "Hapa ni Buffalo, mama. Watoto hapa huvaa viatu vya barafu kabla ya nepi."

Hakucheka.

Nilipofika nilipewa karatasi ya kusaini, kwamba nitakayoyasikia mle ndani sitayatoa nje. Nikasaini bila kuisoma. Tukaingia katika chumba chenye giza kilichokuwa na kioo ukuta mzima; sisi tuliwaona wale watu, wao walijiona wenyewe tu. Kila mmoja alipewa kitufe cha kuzungusha. Ukipendezwa unakizungusha kulia, ukichoka unakizungusha kushoto, na upande wetu skrini ikachora mstari unaopanda na kushuka.

Wakawekewa mechi yangu niliyoipenda kuliko zote, ile iliyoongezewa muda mara tatu, mpaka nahodha wetu Garth Lysenko akaimaliza. Nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Lysenko anakipata kisahani, anamtoka wa kwanza, anamtoka wa pili, kipa kalala, Lysenkooo! Barafu inawakaaa!" Nywele zilinisimama. Nikautazama mstari. Ulikuwa umelala chini kama wa mgonjwa ambaye ndugu zake wameshaitwa.

Kisha wakawekewa wale wacheza karata. Mstari ukapanda.

Mtafiti akaanza kuwauliza. Kijana mmoja mwenye kofia akasema, "Mimi, kusema ukweli, kile kisahani cheusi wanachokipiga sijawahi kukiona kwenye televisheni. Hata siku moja. Nikisikia kelele ndiyo najua kimeingia." Wenzake wakacheka, wawili wakanyoosha mikono kwamba na wao vilevile.

Huyo hakuniumiza. Aliyeniumiza ni mama mmoja mnene, dereva wa basi la shule, aliyevaa sweta lenye rangi za timu yetu.

"Nimeifuata timu hii tangu niko msichana," akasema. "Marehemu mume wangu alinichumbia uwanjani."

"Kwa hiyo unaikosa sana," mtafiti akasema.

Akaliweka sweta lake sawa. "Nilidhani nitaikosa. Septemba nililia. Lakini sasa Jumanne nina nafasi, nimejiunga na kwaya. Alhamisi naenda kwa binti yangu. Nimekuja kugundua miguu yangu ilikuwa inavimba kwa kukaa."

"Na mtangazaji unamwonaje?"

"Ah, huyo! Anapiga kelele kama anayetuuzia kitu."

Paula akaniwekea mkono begani bila kunitazama.

Tulipotoka, theluji ilikuwa inaanguka kwenye maegesho ya magari. Nikamwambia watu kumi na wawili si mji mzima. Akasema, "Hawa ndio waliokuwa na huruma, Norb. Huko Phoenix mmoja aliuliza kama ni mchezo wa kweli." Halafu akaniambia lililomleta. Kituo kingeachana na ligi. Iwe wachezaji wamerudi kesho au mwakani, kisingelipia tena haki za kuonyesha. Wakubwa wa ligi walikwisha kuambiwa.

"Na wachezaji?"

"Wachezaji hawajui, na hatuna ruhusa ya kuwaambia. Umesaini." Akafuta theluji kwenye kioo cha gari kwa mkono wake. "Nimekuambia wewe ili uanze kutafuta kazi. Hilo tu."

Sasa, Garth Lysenko hakuwa nahodha tu. Alikuwa mjumbe wa timu yetu katika chama cha wachezaji, na alikuwa rafiki yangu. Mtoto wake wa pili nilimshika mimi siku anabatizwa. Alikuwa mtu wa Saskatchewan, kule Kanada, mrefu, mpole kama ng'ombe nje ya uwanja, umri miaka thelathini na sita, magoti yote mawili yameshonwa. Ijumaa mbili kabla ya siku hiyo tulikula samaki pamoja, na kati ya kuchovya na kuchovya kwenye mchuzi alinieleza hesabu ya chama ilivyo.

"Televisheni ndiyo itakayowabana wamiliki, kaka," alisema. "Karata zile watu watazichoka. Februari ikifika kituo kitalia kinataka mechi, na wamiliki watalegea. Sisi ni kukaza tu."

Hesabu yao yote ilikuwa imesimama hapo. Na wiki iliyofuata wajumbe walikuwa wanakwenda Toronto kupigia kura pendekezo la mwisho la wamiliki, lenye kikomo ndani yake, ingawa kikomo cha juu kidogo.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne, tukiwa tunakunywa kahawa, nikamwambia Bernadette kila kitu, karatasi niliyosaini na yote.

"Ukimwambia Garth, unafukuzwa," akasema.

"Ndiyo."

"Usipomwambia, utanung'unika humu ndani mpaka mmoja wetu afe, na nahisi nitatangulia mimi." Akachukua kikombe changu kabla sijamaliza. "Vaa koti uende."

Wachezaji walikuwa wamekodi kiwanja kidogo huko Cheektowaga ili miili isilale. Nilifika saa nne asubuhi. Walikuwa tisa tu, wamevaa fulana zisizo na nembo, hakuna kocha, na makipa wakubwa ambao nchi nzima iliwajua walikuwa wakijiokotea visahani wenyewe kwenye ndoo. Nje ya uzio mama mmoja aliyeleta watoto wa masomo ya kuteleza alikuwa anatazama saa yake.

Garth aliponiona akaja akiwa bado na viatu vya barafu, akanipiga mgongoni. "Mzee wa kelele! Umekuja kututangaza?"

"Nimekuja kusema nawe. Wawili."

Tukasimama kwenye korido, pananuka glavu zenye jasho. Nikamwambia yote. Kioo, vitufe, mstari, kituo kuachana nao. Nikamwambia, "Garth, hakuna atakayelia Februari. Watazamaji hawawangojei. Kila wiki inayopita thamani yenu inashuka, na mtakachopewa baadaye kitakuwa chini ya hiki. Nakuomba, nenda Toronto ukaseme ndiyo."

Alikuwa akinisikiliza akiwa ameinama, anafungua kamba ya kiatu. Akaacha kuifungua.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa na mtu. Ikijulikana nimesema, nafukuzwa."

"Mshahara wako unalipwa na nani, Norb?"

"Na kituo. Unajua."

"Na kituo kinakaa meza moja na nani?"

"Garth, ni mimi huyu."

"Nakuona kuwa ni wewe." Sauti yake haikupanda, na hilo lilinitisha zaidi. "Juzi wamemtuma mwandishi wa magazeti. Kabla yake walimtuma wakala wangu. Wote wananiambia neno hilohilo: sema ndiyo, hali ni mbaya, nakuonea huruma. Leo wamemtuma aliyemshika mwanangu kwenye maji ya ubatizo. Wamechagua vizuri."

"Muulize Paula Denning mwenyewe!"

"Nimuulize mtu wa kituo kama mtu wa kituo anasema kweli?" Akacheka kidogo, cheko la pembeni. "Miaka yote hii umekuwa ukiniuza kwa watu, kaka, na umeniuza vizuri. Leo usije kuniuzia mimi."

Akarudi kwenye barafu. Nilitaka kumwita, mimi ambaye nilimwita jina lake mara elfu nchi nzima ikisikia, na sauti haikutoka.

Alikwenda Toronto akasema hapana. Hakuishia hapo. Wajumbe wengine walipoanza kulegea, alisimama akawaambia kwamba wamiliki wamefika hatua ya kuwatuma hata watangazaji kutia watu hofu, na akanitaja kwa jina. Nadhani alikuwa na hasira, na alitaka kuonyesha mfano. Kesho yake habari ikawa gazetini. Saa tatu asubuhi Paula akapiga simu.

"Ulisaini, Norb," akasema.

"Nilisaini."

"Sikupenda iwe hivi." Halafu akasema vitu vyangu vya ofisini vitaletwa kwa posta.

Msimu ulifutwa rasmi katikati ya Februari. Mimi na Bernadette tulikuwa mkahawani tunakula mchana. Televisheni ilikuwa juu ya kaunta, na mkubwa wa ligi akatokea, uso umemkauka, akaanza kusoma tangazo. Nikaacha kijiko. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza katika maisha yangu ambao hapangekuwa na bingwa.

Mzee mmoja aliyekaa kaunta akamwambia mhudumu, "Dada, hebu weka hali ya hewa. Nasikia shule zinafungwa."

Mhudumu akabadilisha. Nikageuka nione nani atapinga. Mkahawa ulikuwa umejaa, mji wa Buffalo, saa saba mchana, na hakuna aliyefungua mdomo. Hata mimi.

Julai wachezaji walikubali kikomo. Kilikuwa chini sana ya kile walichokataa. Kituo changu cha zamani kilikataa kuichukua ligi, kama Paula alivyosema, na ligi ikaenda kwenye kituo kidogo ambacho jirani yangu alikijua kwa sababu ya vipindi vya uvuvi. Timu zikaanza kupunguza watu, na waliokatwa kwanza ni wenye umri na magoti mabovu. Garth hakupata mkataba hapa, wala popote.

Watu wakaniambia, "Sasa si umeshinda? Ulisema." Sijui walitaka nifurahie nini. Nilikuwa natangaza mechi za shule za sekondari kwenye redio ya parokia, nikikosea majina ya watoto.

Agosti, asubuhi ya joto, lori la kuhamia likasimama mbele ya nyumba yetu. Garth akashuka. Kwenye kiti cha mbele alibaki mkewe, Tannis, na watoto wawili. Tannis akanipungia mkono. Watoto walikuwa wanagombana.

Akasimama kwenye ngazi, hakutaka kuingia.

"Tunarudi Saskatchewan," akasema. "Tunataka kuvuka daraja la Fort Erie kabla foleni ya mpakani haijawa ndefu. Baba yake Tannis anahitaji mtu shambani."

"Utaweza, na magoti hayo?"

"Trekta halihitaji magoti." Akatazama viatu vyake. "Ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo."

"Nimefikiri sana hilo. Nataka nikuambie bila kukuficha. Hata ningekuamini, ningesema hapana vilevile. Nilikuwa nimewaahidi vijana." Akageuka kulitazama lori. "Ila nisingetaja jina lako. Hilo la jina, kaka, sina la kusema."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku kama hiyo tangu Februari, makali, yamepangika vizuri, maana kupanga maneno ndiyo kazi niliyoijua. Nilipomwona pale ametoka jasho, shati limempwaya, sikuyataka tena. Lakini pia sikuweza kumwambia yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. Nikamuuliza mtoto niliyemshika ubatizoni anaendeleaje na meno.

"Ya ukubwani yameota mawili," akasema.

Tukapeana mikono. Akanishika kwa nguvu, akataka kusema jambo, Tannis akapiga honi mara moja. Akashuka ngazi taratibu, akianza na mguu wa kushoto kila ngazi kama mzee.

Bernadette akatoka jikoni akijifuta mikono, lori likiwa linakata kona.

"Amesema nini?"

"Amesema watavukia daraja la Fort Erie," nikamwambia, "kabla foleni haijawa ndefu."