Waliosimama Sekenke

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Johari alishusha tenga la kuku kutoka kwenye keria ya Pijo yake, akafagia manyoya yaliyobaki, kisha akafuta kioo cha mbele kwa gazeti lililoloweshwa maji. Fundi Paskali alikuwa chini ya gari, miguu nje, akikaza nati ya mwisho. Abiria wawili wa Kiomboi walifika na mizigo yao kama kawaida, wakaambiwa leo gari haliendi Kiomboi, linakwenda mashindanoni. Wakauliza kama mashindano yanapitia Kiomboi. Walipoambiwa hapana, wakajitwika mizigo wakaondoka.

Ilikuwa miaka ile ambayo maduka ya Singida mjini yalikuwa yamejaa sabuni tena, mitumba inauzwa hadi minadani, na mtu binafsi anaweza kuleta chochote kutoka Dubai mradi kiingie melini. Mfanyabiashara mmoja wa matairi alikuwa ametangaza kwamba atawadhamini madereva watatu wa Kanda ya Kati waingie kwenye mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, yale yanayosikika redioni. Mchujo ungefanyika Mlima Sekenke: kupanda kutoka bondeni hadi Misigiri, gari moja moja, kwa kupimwa saa. Yalijiandikisha magari sita. Matano yaliendeshwa na wanaume.

Johari alikuwa mjane wa Mselemu, aliyemwachia duka la vyombo na hiyo Pijo ya viti vya safu tatu. Duka alilifunga kwa sababu kukaa kulimchosha. Gari alilishika mwenyewe. Kila siku ya Mungu alikwenda Kiomboi na kurudi, akisimama popote mkono ulipoinuka: wenye magunia ya alizeti, wenye mbuzi, wajawazito, walevi waliosahau wanakokwenda. Mashemeji zake walisema mwanamke kubeba abiria ni aibu, kisha wakazoea kupanda bure.

Hakuwa na haja ya kombe. Alimwambia Paskali, siku moja wakila mihogo gereji, kwamba anataka mara moja tu maishani awashe gari mahali fulani, alizime mahali pengine, na katikati asisimame. Paskali alisema injini inaliweza hilo. Akakubali kukaa kushoto kwake amsomee kona.

Wa kwanza kupanda mlima alikuwa Abdulazizi, ambaye baba yake alikuwa na kituo cha mafuta. Gari lake lilikuwa jipya na honi yake ilisikika hadi kona ya mwisho. Wakafuata wengine wawili, wa kwanza wao Mughwai wa Ikungi kwa Landrova yake. Johari alikuwa wa nne. Mtunza saa wa bondeni aliposhusha bendera, Pijo ilitoka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Paskali alikuwa akisoma kwa sauti, "Kushoto, kali, kuna jiwe," naye Johari alikuwa akicheka peke yake kama msichana. Upepo uliingia dirishani, na hakuna aliyegonga bodi kuomba kushuka.

Kwenye kona ambapo njia ya mgodi wa zamani inaungana na barabara, walikuwa wamesimama wanaume saba. Walivaa kofia za bati, wamejaa vumbi jekundu, taa zao ndogo zikiwaka mchana kweupe. Wa mbele aliinua mkono. Mguu wa Johari ulikanyaga breki kabla mwenyewe hajaamua lolote.

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani," alisema yule wa mbele. "Mmoja ni wa Iguguno, sisi wengine Kinampanda. Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

Johari akaitikia marahaba, Paskali naye akaitikia. Kijana huyo akaeleza kwa adabu kwamba shimo liliwaangukia Jumamosi moja, enzi za wazungu, na tangu hapo walikuwa wakisubiri lori la kampuni liwarudishe. Leo wamesikia magari mengi yenye haraka, wakadhani zamu zimebadilishwa, wakatoka. Gari la kwanza liliwapigia honi likapita. La pili, Landrova, liliwachukua wenzao watano. La tatu nalo lilipita.

Johari aliona kwamba wamekufa, kwa sababu mmoja wao alikuwa na jiwe lililozama kifuani, naye alilishikilia kwa mikono miwili. Alimwomba alishike vizuri lisichane kitambaa cha kiti. Wakapanda wote, wakabanana kama abiria wanavyobanana, na Paskali akapakata kofia tatu.

Wafu wana uzito uleule wa walio hai. Karibu na kilele rejeta ikachemka. Wachimbaji wakashuka bila kuambiwa, wakasukuma, wakiimba wimbo wa Kinyiramba wa kusukuma mawe, na hivyo ndivyo Pijo ilivyovuka mstari wa Misigiri, mlango wa nyuma ukiwa wazi.

Msimamizi wa mashindano, Bwana Fredrick, alisimamisha saa. Alilizunguka gari akiwahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Hawa ni nani?"

"Abiria," alisema Johari.

"Kanuni inasema gari libebe watu wawili."

"Hawa wamekufa, Bwana Fredrick. Walikufa mgodini."

Bwana Fredrick alikuwa mtu wa haki. Alifungua kitabu cha kanuni, akasoma ukurasa ule mara mbili, akageuza na ukurasa wa nyuma.

"Haikusema walio hai wala wafu," alisema. "Watu ni watu. Mko tisa. Umetolewa."

Tangu shimo lianguke, huyo alikuwa mtu wa kwanza mwenye kalamu kuwahesabu kuwa ni watu. Wachimbaji walimpa mkono mmoja mmoja, wakamshukuru. Naye alipokea shukrani zao akafuta vumbi kwenye suruali.

Mughwai alikuwa ametolewa kwa kanuni hiyohiyo. Baada ya Johari akafika Bonaventura, dereva wa pikapu ya misheni, na wachimbaji wengine wanne nyuma, naye akatolewa. Waliofuzu ni wale watatu waliopita bila kusimama.

Johari alikaa kwenye jiwe akavua viatu. Uchungu alikuwa nao na hakuuficha. Alisema aliwaona vizuri kutoka mbali, angeweza kukanyaga mafuta, ila mguu haukumsikiliza. Mughwai alisema wake ulikuwa vilevile. Bonaventura alikwenda kwenye kibanda akaagiza kuku. Wakala wote pamoja, madereva walioshindwa na wachimbaji wao, kwenye mabenchi ya Misigiri, na wafu walikula kwa bidii kwa maana njaa yao ilikuwa ya siku nyingi. Yule mwenye jiwe aliomba ugali wa pili. Kufikia chai, Johari alikuwa anacheka tena, kwa sababu Mughwai alikuwa anaigiza jinsi Bwana Fredrick alivyotafuta neno "marehemu" kitabuni.

Bonaventura akaenda na wa Iguguno, Mughwai akajaza Landrova yake, na Johari akashika njia ya Kinampanda. Humo njiani yule kijana wa mbele alimuuliza Paskali kwao ni wapi. Paskali akasema ni hapohapo Kinampanda, mtoto wa Magdalena na Anselm.

Kijana alisogea mbele hadi kwenye kiti chake.

"Anselm ni mimi," alisema.

Paskali alimtazama. Yeye ndevu zilikuwa zimeanza mvi. Baba yake hakuwa na hata ndevu za kutosha kunyoa. Kilichomsumbua hakikuwa hicho. Alikumbuka kwamba kule mlimani baba yake alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Alimwomba Johari asimamishe gari ili amrudishie baba shikamoo yake. Johari akasimama. Paskali alishuka, akazunguka hadi mlango wa nyuma, akainama kidogo pale barabarani akaamkia. Anselm akaitikia. Kisha safari ikaendelea.

Magdalena alikuwa uani, anapiga alizeti kwa fimbo. Aliinua macho akamwona mume wake akishuka, amevaa kofia ya bati.

"Umechelewa," alisema.

"Lori halikuja."

Magdalena aliendelea kupiga alizeti kidogo. Ndipo akaeleza kwamba karani wa kampuni alifika wakati ule akasema Anselm na wenzake wametoroka usiku kwenda Kenya, na kwa hiyo hakuna aliyechimba kuwatafuta. Tangu hapo anaitwa mke wa mtoro, kisimani na hata kanisani. Anselm akasema Kenya hajawahi kuiona. Mke wake akasema sasa anajua, akampa fimbo ya pili. Anselm aliweka kofia chini akaanza kupiga upande wake, na Johari na Paskali wakapewa vigoda.

Wanawake wa Kinampanda walimtania Magdalena kwamba amepata kijana uzeeni. Alijibu kwamba huyo ni wake tangu zamani, hakumpora mtu. Jumapili Anselm alikaa kanisani kati ya wanaume, na siku nyingine za wiki alishuka Singida mjini, ambako mwanawe alimfundisha kubadilisha plagi.

Johari alilisikia jina la Abdulazizi redioni akiwa njiani, gari limejaa. Aliongeza sauti abiria nao wasikie. Mwaka uliofuata mchujo ulitangazwa tena, na kanuni ilikuwa imeongezewa maneno: watu wawili tu, wawe hai au vinginevyo. Bwana Fredrick alimletea nakala mwenyewe nyumbani, kwa heshima. Johari alijiandikisha.

Mwaka huohuo mgodi ukabinafsishwa. Kampuni mpya ilipoweka uzio, Magdalena alimwomba Johari awapeleke yeye na Anselm. Ofisa waliyemkuta alikuwa kijana mpole. Aliwapa viti na soda, akasikiliza yote bila kumkatiza mama. Ombi la Magdalena lilikuwa fupi: neno lile, mtoro, lifutwe.

"Mama, pole sana," alisema ofisa. "Ila sisi tulinunua shimo. Maneno hatukununua."

Anselm akauliza kama wataweka nguzo upande wa mashariki, kwa maana paa la kule ni bovu, yeye analijua. Ofisa alisema nguzo zimo kwenye mpango, baadaye. Vijana wa kazi wanaanza Jumatatu. Wakamaliza soda, wakaaga.

Msimu ule alizeti ya Magdalena ilikubali, vichwa vikainama kwa uzito. Majirani waliopita njia ya shambani walisimama kusalimia.

"Habari za kazi, Mtoro?"

"Nzuri," alijibu Anselm, akaendelea kukata.