Mwanaume Haulizi

Salha Mrisho alimpenda Twalibu kwa sababu ya pilau, na haoni haya kulisema. Siku ile Waislamu wa wilaya walikusanyika Nyamwaga kwa maulidi, yeye alikuwa zamu kituo cha afya, nesi peke yake, ndipo akaletwa kijana kaungua mkono kwa mvuke wa sufuria. Ndiye aliyekuwa mpishi. Kazi yake ya siku zote ni kushughulikia karatasi za malori mpakani Sirari, lakini msikiti ukiwa na shughuli, mwiko anashika yeye. Salha akamfunga bandeji. Kijana, badala ya kulalamika maumivu, akauliza, "Nesi, wewe umekula?" Hajala. Kesho yake hotpoti ikafika kituoni kwa bodaboda, na kijikaratasi juu yake: chumvi imekolea?

Huyo ndiye aliyemchumbia. Aliyekuja kumtembelea wiki mbili kabla ya ndoa alikuwa mtu mwingine kabisa, sijui katokea wapi. Ah, tuseme ukweli, tunajua katokea wapi. Katokea kwenye simu.

Kuna bwana mmoja wa ng'ambo, miwani myeusi, ndevu zimechongwa, anaongea huku anaendesha gari, na kutwa anawafundisha wanaume wa dunia namna ya kuwatawala wanawake. Wafuasi wake wanamwita Jemedari. Siku hizi anachomekea mashallah mbili tatu, basi vijana wa msikitini Sirari wakaona huyu ni mwenzetu. Neno lake kubwa ni hili: mwanaume haulizi, anatangaza.

Twalibu akalimeza lote bila kutafuna. Akaanza kutembea kifua mbele, mikono mbali na mbavu, utadhani ana majipu kwapani. Jikoni haingii tena. Na kuuliza akaacha. Hakuna tena umekula, umelala, umechoka.

Siku hiyo alisimama mbele ya dirisha la dawa, akatangaza. "Nikishakuoa utaandika barua ya kuacha kazi. Mwanamke wa Kiislamu mahali pake ni nyumbani."

"Nani kasema?"

"Dini."

"Aya ya ngapi?"

Akatoa simu. Salha akaitazama ile video mwanzo mpaka mwisho, kwa adabu, maana kalelewa. Kisha akamrudishia.

"Huyu kasoma chuo gani?"

Twalibu akakohoa.

"Bibi yangu kafundisha msahafu miaka arobaini kule Kondoa, na hiyo dini yako hakuwahi kuiona. Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara, Mtume akasafiri na mali yake. Hilo Jemedari hakukwambia?"

"Mimi nimeshatangaza," akasema Twalibu, akapanda bodaboda yake.

Verdiana, nesi mwenzake, Mkatoliki wa Bukoba, alikuwa akipanga chanjo kwenye jokofu huku masikio yote mawili yako dirishani. "Mwache huyo," akasema. "Aibu ya kuvunja uchumba ni ya wiki moja tu."

"Nikimwacha kila mwanaume aliyeng'atwa na simu, nitaolewa na nani? Hata wa kwenu wanamtazama."

"Hata wa kwetu," Verdiana akakubali, maana kaka yake mwenyewe siku hizi hafui hata soksi.

Salha alitania, lakini moyoni aliogopa, tena sana. Kazi ya nyumbani haikumtisha. Alichoogopa ni kuolewa na mtu wa hotpoti halafu akajikuta anaishi na Jemedari. Alitaka kujua jambo moja tu, kama yule aliyemuuliza umekula bado yumo mle ndani. Kama hayumo, haolewi, hata kama wageni wameshakaa mkekani.

Ndoa ilipangwa Jumamosi nyumbani kwa Sheikh Kibwana, pale Bomani, Tarime mjini, kwa kuwa kwao bibi arusi ni mbali. Baba yake, Mzee Mrisho, alipanda basi kuja kumwozesha. Wanaume walikaa uani, wanawake chumbani, na dirisha lilikuwa wazi, hivyo kila neno lilisikika. Pembeni mke wa sheikh na wenzake walikuwa wameshaosha mchele, nyama iko motoni.

Salha akamsikia bwana arusi akijigamba. "Mahari nilishamaliza na mzee. Ng'ombe wanne. Sasa iliyobaki ni amri tu."

"Wanne?" akauliza Heche, rafiki yake Mkurya aliyealikwa. "Kwetu hao ni wa kubishia hodi."

Watu wakacheka. Na kosa la Twalibu lilikuwa hapo hapo. Miaka sita ya kuishi Tarime ilimzoesha kuona mahari ikizungumzwa na wazee zizini, binti hana neno. Sheria ya dini yake mwenyewe ikamtoka kichwani, wakati ndiyo aliyokuwa akiitangaza kila kukicha.

"Hao ng'ombe ni kilemba cha mzee," akasema Sheikh Kibwana taratibu. "Mahari ni haki ya bibi arusi, naye bado hatujamuuliza."

Akainuka na mashahidi wawili hadi mlango wa chumba. "Binti yangu, Twalibu bin Seifu anataka kukuoa. Mahari unataka nini?"

Verdiana, aliyekuja kumsindikiza, akamsogelea.

"Sufuria moja ya pilau, sheikh," akasema Salha. "Apike yeye, kuanzia kumenya vitunguu mpaka kupakua. Naitaka leo, kabla ya ndoa. Na kazi yangu naendelea nayo. Hilo si mahari, ni sharti."

Huko uani kijana mmoja wa Sirari akasema, "Usikubali, Twalibu. Jemedari angeshaondoka."

"Nabii Musa alitakiwa miaka minane ya kuchunga mifugo ili aoe," akasema sheikh. "Huyu kaombwa sufuria moja."

Mzee Mrisho alishaambiwa na bintiye tangu jana, kwa hiyo alivua kofia tu akajipepea.

Salha akautazama mkoba wake kwenye kona. Alishaamua: akilisikia lile neno natangaza, anavua mtandio wa arusi na Jumatatu yuko kazini.

"Salha." Sauti ilikuja dirishani, na haikuwa ile nzito ya siku hizi. "Nyama ni ya mbuzi au ya ng'ombe?"

Tangu amfuate Jemedari hajauliza kitu. Verdiana akaficha uso kwenye khanga, mabega yanatikisika.

"Ya ng'ombe," akajibu Salha, na chozi likamtoka bila ruhusa.

"Basi iongezwe muda motoni. Ng'ombe wa huku wanatembea sana."

Akavua kanzu mpya, akakunja mikono ya shati, na mke wa sheikh akamkabidhi mwiko kwa heshima zote. Yule kijana aliyesema usikubali akatoa simu ili amrekodi. Twalibu akamnyang'anya, akampa bakuli la vitunguu saumu. "Menya." Akamenya. Heche alieleza kwamba kwao mwanaume aliyetahiriwa hakai jikoni, lakini harufu ya iliki ilipomfikia, akasogea mwenyewe na kuanza kuchochea kuni.

Saa nane mchana sahani ya kwanza ikafika dirishani. Kaishika Twalibu mwenyewe, jasho linamtiririka, masizi shavuni.

"Chumvi imekolea?"

Salha akatafuna polepole kwa makusudi, maana kumtesa kidogo ilikuwa haki yake.

"Imekolea."

"Jumatatu unaingia zamu gani?"

"Ya asubuhi."

"Basi nitakuwekea kiporo kwenye hotpoti. Tena ile ya kwanza hujanirudishia mpaka leo."

Sheikh Kibwana alikuwa karudi mlangoni na mashahidi wake, na harufu ilikuwa imewachosha kusubiri. "Binti, na ndoa je? Umeridhia?"

Mdomo ulikuwa umejaa. Salha akainua kidole wamngoje, akameza kwanza.

"Nimeridhia, sheikh."