Ngamia Asiye na Mwenyewe

Kama kuna jambo ambalo Korane hakulitegemea katika miaka yake sitini na mitatu, ni kuitwa mwizi wa ngamia. Mkaidi alikwisha kuitwa, bahili pia, na mkewe Shamso alikuwa na majina mengine ya nyumbani yasiyofaa kutajwa. Lakini mwizi! Tena mchana kweupe, ukingoni mwa Tana, chini ya mji wa Garissa, mifugo ikinywa maji na kila mwenye masikio akisikia.

Aliyemwita hivyo ni Awil, mfugaji kutoka Bute, aliyeteremka na ngamia wake kwa sababu ya ukame. Awil alisimama mbele ya ngamia jike mmoja wa kundi la Korane, mwenye ndama wa miezi miwili, akaweka kidole kwenye kovu shingoni. Lilikuwa kovu la mistari miwili iliyokatana.

"Hii ni alama ya babu yangu," akasema. "Mtamba wangu alipotea miaka minne iliyopita. Alhamdulillahi, leo nimemwona, na kumbe amezaa."

Kwa miaka minne Korane alikuwa amejiandaa kwa swali jingine kabisa juu ya kovu lile. Alijua ipo siku mtu atamwuliza, "Korane, siku hizi umekuwa Mkristo?" na jibu lake alikuwa nalo, refu, lenye aya mbili za Kurani ndani yake. Hili la wizi halikuwa na jibu. Kwa wafugaji wa huku, alama ya moto kwenye ngozi ndiyo hati ya mnyama: binadamu husema uongo, kovu halisemi.

Maana kovu lile, jamani, lilikuwa msalaba. Na Korane aliliweka kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka minne nyuma, binti yake Ifrah, akiwa na miaka kumi na miwili, aliumwa na nyoka mguuni. Korane alimtibu kama yeye alivyotibiwa utotoni: alitia chuma motoni, akauchoma mguu. Mguu ukaoza. Ndipo Shamso, bila kuomba ruhusa ya mtu, akamchukua mtoto hadi zahanati ya masista wa Kikatoliki mjini.

Sista aliyempokea alikuwa Imakulata, Mkamba wa Kitui, mwanamke mfupi wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kila asubuhi, siku tisini, alipiga magoti sakafuni akausafisha ule mguu ambao hata shangazi za mtoto walikuwa wakiziba pua. Kabla ya kubandua bandeji alimwambia Ifrah, "Sema bismillahi, mwanangu, kisha uume meno." Korane alikaa mlangoni akingoja bei. Alidhani wataomba pesa, hawakuomba. Basi watataka dini ya mtoto, nayo hawakuigusa. Alirudi nyumbani kila siku kichwa kikimzunguka, kwa kuwa tabibu asiyetaka kitu humtia mtu hofu kuliko anayetaka kila kitu.

Ifrah alipotembea, Korane alichagua mtamba wa miaka miwili, mzuri kuliko wote. Asante ya punda ni mateke, na yeye hakuwa punda. Ila kutoa ngamia kwa mdomo tu si kutoa. Mnyama asiyebeba alama ya mwenyewe mpya, siku mtoaji akifa, ndugu humgawana pamoja na mali nyingine. Kwa hiyo alimwuliza Sista: ukoo wenu mnatumia alama gani? Sista alicheka, akadhani ni mzaha wa mzee, akagusa kile kinachoning'inia kifuani pake. "Yangu ni hii tu."

Korane akaenda kwa mhunzi.

Alipompeleka mtamba langoni pa zahanati, Sista alishika kichwa. Alisema yeye ameweka nadhiri ya kutomiliki kitu, kwamba hata viatu alivyovaa ni vya shirika. Korane aliona ni adabu tu. Nani hupokea zawadi kwa mara ya kwanza? "Basi nitakutunzia," akasema, akamrudisha malishoni. Tangu siku ile kambi nzima ilimwita mnyama yule "ngamia wa Sista."

Sasa wazee waliketi kando ya mto kumsikiliza, wakiongozwa na Mzee Alio, mtu wa maneno machache. Jamaa za Korane walishuhudia habari yote. Awil alitikisa kichwa.

"Hawa ni ukoo mmoja," akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimchanganya Korane zaidi. "Wangu nao wangenishuhudia mimi."

Mzee Alio akakata shauri: "Kama ngamia ni wa huyo mwanamke, aje mwenyewe aseme ni wake. Akisema hivyo, kesi imekwisha."

Korane alipanda tuktuk huku akimwambia dereva aendeshe kama amebeba mgonjwa. Kule zahanati alimkuta Sista Imakulata amekaa kitandani, mbele yake begi moja dogo.

"Sista, wewe kuja sasa hivi," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Watu nasema mimi mwizi. Sema tu ngamia ni yako. Neno moja, basi."

"Mzee Korane, gari langu linaondoka saa nane. Nimepata barua. Nahamishiwa Turkana."

"Nani nahamisha wewe? Baba yako iko hai?"

"Alishafariki. Ni mkuu wa shirika letu."

"Na wewe nataka kwenda?"

Sista alivua miwani, akaifuta. "Sitaki," akasema. "Lakini naenda."

Korane hakuelewa. Mtu mzima, hana baba, hana mume, anatumwa kama barua, naye anakwenda, na kitu alichokusanya kwa miaka yote hakijai begi. Alitaka kumwonea huruma ila hakujua aanzie wapi, na wazee walikuwa wanangoja.

Sista alikubali kupita mtoni kwanza. Ukingoni, Ifrah alisimama kati yake na wazee kutafsiri. Mzee Alio akauliza swali lake, na Ifrah akaligeuza kwa Kiswahili safi cha shule: "Sista, wanauliza, ngamia huyu ni wako?"

Sista alimtazama yule mnyama. Akamtazama Korane, ambaye jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye ndevu zake za hina. Neno moja tu lilihitajika. Hata Awil alikuwa ameinamisha kichwa kulipokea.

"Hapana," akasema Sista Imakulata. "Si wangu."

Watu waliguna. Korane alimkodolea macho. Huyu mwanamke aliyeokoa mguu wa mwanawe ndiye anayemzika? Alijiuliza amemkosea nini.

"Ngoja, sijamaliza," Sista akasema, sasa kwa ukali wa mtu aliyezoea kusimamia wodi. "Waambie sina ngamia, wala siwezi kuwa naye, niliapa mbele ya Mungu. Lakini waambie pia kwamba miaka minne iliyopita mzee huyu alimleta langoni kwangu, mtamba, na shingo ilikuwa kidonda kibichi, kinatoa maji, nzi wamejaa. Nilimgombeza. Nilikipaka dawa kidonda kile mwenyewe, dawa ileile niliyompaka mtoto. Nikarudia siku tatu."

Ifrah alitafsiri yote. Awil akainua kichwa.

"Kibichi?" akauliza.

"Kibichi," akasema Ifrah. "Nami nilikuwepo."

Awil alisogea, akapapasa lile kovu mara ya pili, taratibu. "Mtamba wangu nilimtia alama akiwa ndama," akasema hatimaye. "Siku aliyopotea kovu lilikuwa limekauka kwa zaidi ya mwaka. Wallahi, huyu si wangu. Ndugu yangu Korane, nisamehe. Ni ukame, mtu anaona mali yake kila mahali."

Wakapeana mikono. Jina la Korane likawa limeoshwa mbele ya watu walewale waliolisikia likichafuliwa. Angepaswa kufurahi. Lakini Mzee Alio alikuwa bado na neno.

"Zawadi isiyopokelewa hurudi kwa mtoaji," akasema. "Ngamia ni wa Korane. Alama ya huyo mama itapigwa mstari, ya Korane itiwe."

Basi Korane akapata ngamia na ndama wake, na moyo ukamuuma kama aliyenyang'anywa wote wawili. Miaka minne alilala akijua amelipa fadhila ya mguu ule, kumbe hakuwahi kutoa kitu. Alikuwa punda tu, punda mwenye ngamia. Na anayemdai anaondoka saa nane.

Sista alikuwa tayari ameanza kupanda ukingo kurudi kwenye tuktuk.

"Sista! Bole bole, ngoja!" Korane akaita.

Alimsogeza ndama kwa mama yake, akamwacha anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha akamvuta kando. Akasimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja gotini, akakinga kikombe cha bati juu ya paja na kukamua mpaka povu likafika ukingoni. Ifrah akakipeleka kikombe, akitembea kwa miguu yake miwili, mbele ya wazee wote.

Sista alikipokea kwa mikono yote miwili. Mgeni hakatai maziwa. Hilo hata Kitui wanalijua. Alisema kitu kwa sauti ya chini, akagusa paji la uso na kifua, akanywa bila kupumzika mpaka kikombe kikawa kitupu.

Korane alimkaribia, akakichungulia kikombe.

"Hii maziwa iko ndani ya tumbo," akasema. "Hii ni ya shirika, ama ni yako?"

Sista Imakulata alicheka, kisha machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta.

"Haya, Mzee Korane," akasema, "haya ni yangu."