Mashine Iliyovalishwa Kitambaa

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Mtaa wa Jericho uliamka na baridi ya kuuma masikio. Manyunyu yalikatika alfajiri, lakini mawingu yalibaki palepale juu ya mapaa, na upepo ulipita kati ya nyumba ukipepeza nguo zilizokataa kukauka tangu Alhamisi.

Kageha alitoka uani akiimba pambio, ameikumbatia mashine yake mpya ya kuchomelea mithili ya mtoto anayepelekwa kubatizwa. Miaka hamsini na mitatu haikumzuia kujiandikisha kwa masomo ya jioni ya uchomeleaji, na leo alikuwa na mteja wake wa kwanza. Ruqaiya, jirani wa mlango wa pili, aliuza akala, vile viatu vya matairi, soko la Kariokor, na alitaka stendi ya chuma ya kuzipangia.

"Mama Triza, mimi nakupenda, lakini stendi naitaka kabla ya adhuhuri," alikuwa amemwambia. "Ikikushinda, nampigia simu Lusweti."

Hilo ndilo lililomkosesha Kageha usingizi. Lusweti alikuwa fundi wa pale kona, na mdomo wake haukuwa na breki. Kazi ikimwendea yeye, ua wote ungesema yule mama alikuwa akienda shule kupoteza jioni zake. Nani mwingine angemletea chuma?

Waya wa kuchomelea aliuchagua kwa maombi. Dukani Industrial Area muuzaji alimwekea roli mbili: waya mtupu, unaotaka mtungi wa gesi, na waya wenye unga wa kinga ndani yake, usiohitaji gesi. Kageha alifumba macho hapohapo kaunta, "Baba, nionyeshe," mpaka mtu wa nyuma kwenye foleni akakohoa kwa makusudi. Alipofumbua alikuwa na jibu: uani kuna upepo, na upepo ungeipeperusha gesi yote. Apewe wenye unga!

"Amina," akasema muuzaji, akamfungia.

Sasa, nyumbani kwa Kageha hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, hata mtungi wa maji ya kunywa umevaa. Mashine ilipofika, kabla hata ya kuiwasha, aliishonea chake cha krosheti, chekundu na cheupe, kilichofunika uso wote wa mbele. Aliacha matundu mawili tu ya vile vifundo vya kuzungusha. Nyaya zilitokea chini, kwenye lesi. Ilipendeza hadi akaipiga picha na kuwatumia kina mama wa kanisa.

Akavaa helmeti, akaomba, akabonyeza kifyatulio cha bunduki ya kuchomelea.

Pa! Pa-pa-pa! Cheche ziliruka kila upande. Paka wa jirani alipotea. Kageha akaongeza moto, akapunguza moto, akakemea kwa jina la Yesu. Waya ulizidi kutapika vidonge vilivyokaa juu ya chuma bila kushika.

Lusweti akatokea, kikombe cha chai mkononi. "Mama Triza, niaje! Unachomelea ama unakaanga bisi?"

"Nachomelea, baba. Pita salama."

"Mbona naona mavi ya mbuzi tu?"

Ruqaiya naye akatoka na dera lake, akaigusa stendi kidogo tu. Mguu mmoja ukadondoka kwenye simiti.

"Subhanallah!"

"Mama Hayat, ni mguu mmoja tu."

"Stendi ina minne, mpenzi. Simu yangu iko wapi?"

"Simu ya nini na fundi yuko hapa?" akasema Lusweti, akinywa chai yake kwa raha.

Kageha aliinamisha kichwa ndani ya helmeti. "Baba, kama ni kiburi changu, kiondoe. Kama ni mashine, nifumbue macho." Akabonyeza tena. Cheche moja nene ikaruka juu, ikapinda, ikatua katikati ya krosheti.

"Kitambaa!" Ruqaiya akapiga kelele. "Kitambaa kinaungua!"

Kageha akazima umeme, akakinyofoa, akakikanyagakanyaga. Aliporudi kwenye mashine, akauona uso wake kwa mara ya kwanza tangu aivishe: matundu mawili ya shaba ya kuchomekea nyaya, moja la chanya na moja la hasi, na waya mfupi wa bunduki umechomekwa kwenye chanya.

Akacheka mpaka akakaa chini.

"Ameingiwa na nini?" Lusweti akauliza.

"Chanya! Bunduki iko kwenye chanya!"

Mwalimu Roble alikuwa ameuliza jambo hilohilo darasani, na yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Waya wa gesi, bunduki chanya. Waya wenye unga, bunduki hasi, na kibano kinachoshika chuma ndicho kinakwenda chanya. Alipigiwa makofi! Lakini mashine ya chuo hukaa tayari kwa gesi, na ya kwake aliivika nguo kabla ya kuitazama.

"Mashine yangu ya rodi haina waya wala mambo hayo," Lusweti akasema. "Unachomeka, unapiga kazi."

"Yako haina. Hii inayo."

Akabadilishanisha nyaya kwenye matundu, akawasha umeme, akavuta bunduki polepole kuelekea kwake. Lo! Sauti ilikuwa ya chapati ikitua kwenye mafuta. Akagonga ganda lililoachwa na unga kwa nyundo, na chini yake mshono ukatoka umelala sawasawa, unang'aa.

"Haleluya!" Akacheza pale pale, na kina mama waliokuwa wakianika nguo wakampigia makofi. Akakata viungo vibaya vyote kwa grainda, akachomelea upya, akiimba ndani ya helmeti.

Adhuhuri ilipokaribia, Lusweti mwenyewe alipanda juu ya rafu ya chini akarukaruka. Stendi haikulia hata kidogo.

"Imeshika," akakubali, akitafuta kosa kwa macho.

"Imeshika hapa," akasema Ruqaiya. "Na ikiniachia kule sokoni, mbele ya wateja?"

Kageha akavua helmeti, akainua mkono wa kuume juu kabisa.

"Mbele za Mungu, mbele ya Lusweti, na mbele yenu nyote! Stendi hii ikiachia hata kiungo kimoja, nitakuja Kariokor mimi mwenyewe, nisimame nimenyoosha mikono, na akala zako zitaning'inia kwangu mpaka ufunge kibanda!"