Hewa Katika Bomba la Dizeli

Jumatatu asubuhi lori la zamani la jeshi lilivutwa kwa mnyororo hadi karakana ya serikali, likaachwa juu ya shimo la pili, lile ambalo taa yake bado inawaka. Dereva wake alieleza ugonjwa kwa ufupi. Linawaka vizuri, linatembea kilomita moja, linakohoa, linazima. Ukilisubiri nusu saa linawaka tena, kama mzee aliyepumzika katikati ya ngazi.

Fundi alianza pale wanapoanzia mafundi wote. Alichungulia tenki kama lina maji au kutu. Dizeli ilikuwa safi. Akabadilisha chujio, akabadilisha mipira, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba aone panapoingiza hewa. Hakuona kitu. Hata hivyo, alipolegeza nati ya kutolea hewa juu ya chujio na kusukuma pampu ya mkono, viputo vilitoka. Vilikuwa kumi na kimoja, kimoja kimoja, na kila kilipopasuka kilisema, "Tumefika?"

Fundi alikaza nati, akafuta mikono. Kiputo cha saba kilikuwa na sauti ya mdogo wake. Mdogo wake alikuwa na jino la mbele lililovunjika, na kila neno lenye F lilimtoka na mluzi. Alipakiwa kwenye lori la jeshi miaka ishirini na miwili iliyopita, mchana kweupe, yeye na vijana wengine kumi, kwa maelezo kwamba wanaenda kuhojiwa tu na jioni watakuwa nyumbani. Walipelekwa wapi, hakuna aliyewahi kusema. Ukienda kuuliza unaambiwa faili linatafutwa, na anayekuambia hata hainuki kwenye kiti.

Fundi akampigia mama yake simu.

"Shikamoo mama. Njoo karakana, na ubebe kigoda."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mdogo wangu yumo kwenye bomba la dizeli."

Mama aliuliza, "Amekula?"

Fundi alisema hajui.

Mama alifika kabla ya saa sita, akaweka kigoda chake kando ya gurudumu la mbele. Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Mtunza stoo alilalamika kwamba karakana si sebule, kisha akasogeza pipa la oili chafu ili mama apate kivuli. Kila fundi alipolegeza nati, mama aliinama na kuuliza, "Mmefika wapi, mwanangu?" Cha saba kilirudia tu, "Tumefika?" Kiputo kilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi, na ndani yake hapakutosha zaidi ya neno moja.

Fundi alilifikiria jambo hilo kifundi. Kama hewa kidogo inabeba neno moja, hewa nyingi itabeba mengi. Miaka yote kazi yake ilikuwa kutoa hewa kwenye mabomba, na sasa akaanza kuiongeza. Jumatano alipunguza dizeli hadi nusu tenki. Viputo vikatoka vikubwa kama maharage, na cha saba kikasema, "Mama, tumefika?" Mama alilia kwa sauti, na mafundi wa shimo la kwanza wakapunguza redio.

Alhamisi alipunguza tena. Mkuu wa karakana akaja, mikono nyuma.

"Fundi, hili lori linatakiwa kesho mchana."

"Lina hewa, mzee."

"Nasikia. Itoe."

Alisikia kweli, kila mtu pale alisikia. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alitia pamba masikioni zamani, kama wengi wetu, na akapandishwa cheo nazo zikiwa humo humo.

Ijumaa saa nne fundi alibakisha lita moja tu. Alisukuma pampu mpaka mkono ukamuuma. Safari hii kilitoka kiputo kimoja, kikubwa kama chungwa, kikang'ang'ania mdomo wa nati, kikapasuka taratibu.

"Mama, sijui," kikasema, na baada ya hapo mluzi ukasikika. "Wametufunga macho. Kuna kona nyingi na vumbi, na tumechoka kukaa. Tumefika?"

Fundi aliitazama spana mkononi mwake. Alikuwa amefungua kila kinachofunguka. Inauma, tusidanganyane. Miaka ishirini na miwili yeye na mama yake walijipa moyo kwamba waliopakiwa wenyewe, angalau wao, wanajua walipo.

Mama aliinuka, akajipangusa macho kwa ncha ya khanga, akainamia chujio kama anayemnong'oneza mtoto.

"Ndiyo, baba. Mmefika. Shukeni polepole, mshikane mikono."

Mbao za bodi nyuma zikalia, moja baada ya nyingine, na springi zikainuka kidogo. Fundi akajaza tenki, akalegeza nati, akasukuma pampu. Dizeli ilitoka bila kiputo hata kimoja. Lori liliwaka kwa jaribio la kwanza, likanguruma bila kukohoa.

Mkuu alikuja na fomu. Kwenye nafasi ya tatizo aliandika "hewa", na kwenye nafasi ya matengenezo aliandika "imetolewa". Dereva akatia sahihi, akapanda. Wakati huo watu wawili walikuwa nyuma wakimalizia kukaza mabenchi mapya, moja kila upande.

"Linaenda wapi?" fundi aliuliza.

"Kazi yake ile ile," dereva alisema, akirekebisha kioo. "Kuna vijana wa kuchukuliwa."

Fundi alishika mlango. Dereva akamwomba auachie, kwa adabu kabisa, na fundi akauachia. Lori likarudi nyuma, likageuka, likaelekea getini.

"Mwambie alizime kidogo," mama alisema. "Nataka nisikilize kama wote wameshuka."

Fundi alikimbia hadi getini akipunga spana. Lori lilikuwa limeshaingia barabarani, na halikuzima.